Kamera ya Mtihani wa Jumamosi

Kompyuta zote zilikuwapo. Hedifoni zilikuwapo, printa ilikuwapo, hata chupa ya chai ya msimamizi ilikuwapo na chai ndani yake. Kilichoibwa ni kamera moja ndogo, isiyozidi kiganja cha mtoto.

"Mwizi huyu ni mjinga," alisema koplo.

"Au wajinga ni sisi," alijibu Inspekta. "Tusubiri kwanza tujue."

Kituoni walimwita Inspekta Kwanini, mbele yake na nyuma yake, naye hakuwahi kununa. Alikuwa mama mfupi wa maneno machache, na machache yenyewe karibu yote yalikuwa maswali.

"Eleza taratibu, mama," alimwambia msimamizi wa kituo cha mitihani.

"Nimefungua leo Alhamisi asubuhi, nikaanza kujaribu mashine. Nilipofika kwenye dawati la kupokelea watahiniwa, nikaona ukuta mtupu. Yaani nguvu ziliniisha!"

"Mlango?"

"Mzima. Na kufuli zima."

"Kamera yenyewe ni ya bei?"

"Bei gani! Hata viatu vyangu vinaishinda. Lakini bila hiyo kamera, afande, Jumamosi hakuna mtihani."

"Kwa nini?"

Koplo akaangalia pembeni ili asicheke.

Msimamizi akaeleza. Huo ulikuwa mtihani wa wanaotaka kusoma vyuo vya nje. Mtahiniwa anafika na pasipoti yake, anakaa kwenye kiti kile, anapigwa picha. Picha inasafiri pamoja na matokeo mpaka chuoni, na siku mwanafunzi anapofika huko, uso wake unalinganishwa na ile picha. Si kamera yoyote tu inayokubalika. Ni iliyosajiliwa makao makuu, na kuletewa nyingine ni wiki mbili, tena ukiwa na bahati.

"Wakisubiri hizo wiki mbili?"

"Wengine watalalamika na watasubiri. Yupo mmoja hawezi." Sauti ya msimamizi ilishuka. "Binti wa fundi cherehani. Chuo kimemkubali kwa ufadhili, sharti matokeo yake yafike kabla mwezi haujaisha. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho kwake. Ikimpita, imempita na chuo."

Inspekta akageukia dawati. Juu yake palikuwa na kipande cha karatasi laini, kimekunjwa vizuri, na ndani yake skrubu nne.

"Alama za vidole?"

"Zimefutwa zote, afande," alisema koplo. "Hata kwenye skrubu."

"Mwizi gani anakaa kufungasha skrubu?"

"Mwizi msafi?"

"Mwizi anayetaka kamera irudi hapa siku moja bila kupungua kitu. Na alikuja na bisibisi mfukoni. Hakupita njia akaitamani, aliifuata." Akamgeukia msimamizi. "Jana nani aliingia humu?"

Msimamizi alikumbuka bila taabu. Jana mchana mwalimu wa twisheni aliwaleta watahiniwa wake. Ndivyo afanyavyo kabla ya kila mtihani. Anawaleta wakalie viti, wasikie feni inavyopiga kelele, wajue choo kiko wapi, ili siku yenyewe wasishtuke. Walikuja wote wa Jumamosi isipokuwa mtoto wa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Na ndiyo, kuna wakati msimamizi alitoka nje kupokea simu.

"Huyo asiyekuja nionyeshe sura yake."

Kwenye kompyuta ikatokea nakala ya pasipoti. Kijana mwembamba, kidevu kitupu, macho makubwa yenye usingizi.

"Afande, huyo si wa kumfuata," alisema koplo walipotoka. "Hakuwepo kabisa!"

"Amejiandikisha, amelipa ada, mtihani keshokutwa, na hajali hata kukiona chumba. Ndiye ninayemtaka."

"Kwa nini?"

"Unaniibia jina sasa?"

Duka la fundi cherehani lilikuwa njiani, wakapitia. Kwenye kamba aliyokuwa akitundikia nguo za wateja, binti yake alikuwa amebana vipande vya kitambaa vilivyoandikwa maneno ya Kiingereza kwa kalamu ya chaki. Alikuwa amekaa chini yake na kitabu cha hesabu, macho mekundu.

"Karibuni," alisema fundi mwenyewe, mama yake. "Msishangae hivyo vitambaa. Mwanangu amesoma mpaka cherehani yangu sasa inajua Kiingereza."

Binti akacheka kidogo, kisha machozi yakarudi. "Shikamoo, afande. Mtaipata?"

"Marahaba. Tutaitafuta. Unataka kwenda kusoma nini huko?"

"Uhandisi wa maji. Mtaa wetu bomba linatoa upepo tu, afande, nimechoka kupanga foleni."

"Mwalimu wako anasemaje kuhusu huu wizi?"

"Msimamizi alipotupigia simu asubuhi, nilimkimbilia. Nilipomwambia, alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Halafu akaniambia nisiache mazoezi, mtihani utakuwepo. Nikamuuliza amejuaje, akasema nimwamini tu." Akajifuta pua. "Nilikuja kwake sijui hata kuandika barua ya Kiingereza. Ameniandaa miaka miwili. Siku nilizokosa nauli alinifuata hapa dukani. Mama akishona, yeye ananisikilizisha kwenye hedifoni, anasema nikiweza kusikia na cherehani ikinguruma, chumba cha mtihani kitakuwa mteremko."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mpole. Mchekeshaji. Wiki hii amenyoa ndevu zake zote, sisi tumemcheka mpaka basi! Anaonekana mtoto kuliko sisi."

Inspekta alisimama. Koplo alimjua bosi wake: hapo alikuwa ameshika kitu.

Nyumba ya mfanyabiashara ilikuwa na geti la chuma na mifuko ya saruji uani. Aliyefungua mlango alikuwa yule yule wa kwenye picha. Mwembamba, kidevu kitupu, macho makubwa.

"Wewe ndiye mtahiniwa wa Jumamosi?"

"Hapana, afande. Ni binamu yangu. Mimi ni mwalimu wa twisheni, naishi hapa kwa mjomba."

Koplo akatoa daftari, akaandika.

Binamu mwenyewe walimkuta nyuma ya nyumba, mikono imejaa grisi, amelala chini ya jokofu bovu. Sura zilikuwa zimelandana kama za mapacha, ila mashavu ya huyu yalishiba zaidi.

"Umejiandaaje kwa mtihani, kijana?" aliuliza Inspekta.

"Mtihani?" Akamtazama binamu yake haraka. "Vizuri tu."

"Vitabu viko wapi?"

Akavileta. Vilikuwa bado kwenye nailoni ya dukani.

Walikaa sebuleni. Inspekta akavua kofia, akaiweka magotini.

"Mwalimu, ndevu umenyoa lini?"

"Jumatatu."

"Kwa nini?"

"Joto, afande."

"Joto limeanza Jumatatu?"

Mwalimu akakipapasa kidevu.

"Skrubu ulizifungasha kwa nini?"

"Zisipo..." Akasita. Akafunika uso kwa mikono miwili. "Zisipotee. Ndogo sana zile."

Mlango ukafunguliwa, mfanyabiashara akaingia akihema, kanzu yake imejaa vumbi la dukani. "Kuna nini hapa? Polisi wanataka nini kwa wanangu?"

"Keti, mzee. Huenda nawe linakuhusu. Mwalimu, hulazimiki kusema, na utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Unataka kusema?"

"Nataka." Akainuka. Akarudi kutoka chumbani kwake na soksi nene ya sufu, na ndani ya soksi ilikuwamo kamera. Akaiweka mezani kwa mikono miwili. "Nimeiba mimi. Niliichukua jana msimamizi alipotoka kwenye simu. Wanafunzi walikuwa wamevaa hedifoni, wanajaribu sauti."

"Wewe!" Mjomba aliruka. "Mwizi ndani ya nyumba yangu! Nimekunyima nini mimi?"

"Hujaninyima kitu, mjomba. Ndiyo shida yenyewe." Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyaficha. "Mama alipofariki ulinibeba mgongoni kutoka msibani. Ulinisomesha kabla ya mwanao. Nilipougua uliuza gari. Wiki iliyopita ukaniita, ukasema nikafanye mtihani kwa pasipoti ya mwanao, sura zetu zinafanana, nikinyoa ndevu hakuna atakayejua. Ningekujibu nini? Hapana ningeitoa wapi? Nikasema ndiyo, mjomba. Nikanyoa."

"Halafu?" alisema Inspekta kwa upole.

"Halafu nikaikumbuka ile kamera. Mjomba hajui habari yake. Hata kama msimamizi asingenishtukia, uso wangu ungetangulia chuoni, binamu angefika na wake, wangemkamata peke yake ugenini. Nikasema, kamera isipokuwepo hakuna mtihani, na wiki mbili zikipita labda nitapata ujasiri wa kusema. Nilidhani wote wanaweza kusubiri." Akaitazama kamera. "Asubuhi binti wa fundi akaja analia. Sikujua kuwa tarehe yake ndiyo ya mwisho, barua ya chuo imemfikia juzi tu. Nilikuwa nikitafuta namna ya kuirudisha bila kuonekana. Nimechelewa, nisamehe, afande. Nipelekeni."

Binamu mwenye grisi alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, mimi nilikwambia sitaki. Nilikwambia mara ngapi? Nataka majokofu mimi."

"Na watoto wa wenzangu wote wako nje!" Mfanyabiashara alimgeukia Inspekta, kama vile yeye ndiye angeelewa. "Mimi niliishia darasa la tano. Kila harusi nakaa na watu wanaosema mwanangu yuko chuo fulani, mwanangu yuko chuo fulani. Nikasema na mimi nitasema. Nilijua mtoto wa dada yangu hawezi kunikatalia."

Alijisikia akiyasema maneno hayo. Akakaa polepole, akamtazama mpwa wake na kile kidevu kitupu.

"Nilijua huwezi kunikatalia," alirudia, chini kwa chini. "Ndiyo maana nikakuomba wewe. Nisamehe, mwanangu. Ahsante kwa kuiba hicho kitu. Bila hivyo ningewapoteza wote wawili."

Sheria haina huruma ya bure. Mwalimu aliandika maelezo kituoni, akafunguliwa jalada la wizi, akapewa dhamana jioni ile ile. Mjomba naye aliandika yake kuhusu njama ya udanganyifu. Msimamizi alisema atakiandikia kituo cha polisi kwamba mali imerudi nzima na hana kinyongo, lakini mwalimu asikanyage tena chumba chake. Koplo aliifunga kamera ukutani mwenyewe, akaijaribu mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika.

Jumamosi asubuhi foleni ilisimama nje ya kituo cha mitihani. Mtoto wa mfanyabiashara alikuwamo, kucha bado nyeusi.

"Umekuja?" alishangaa koplo.

"Baba keshalipa. Nimekuja kufeli kwa jina langu."

Hata Inspekta alicheka.

Ng'ambo ya barabara, mbali na geti kama alivyoamriwa, mwalimu alikuwa amesimama akiwahesabu wanafunzi wake kwa macho. Binti wa fundi alimwona. Alitoka kwenye foleni. Mama yake akamwita, "Wewe! Utapoteza nafasi!" Hakusikia.

Alisimama mbele ya mwalimu, pasipoti mkononi.

"Nimekukasirikia," alisema.

"Najua."

"Alhamisi nzima sikula. Mama hakushona."

"Najua. Una haki yote."

"Nikitoka humo ndani nitakukasirikia vizuri, sasa sina muda." Akainama, akaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake miwili. "Lakini sikuja hapa kwa miguu yangu peke yangu. Miaka miwili, mwalimu. Ahsante."

Mwalimu alimwonyesha geti kwa kidole, nenda, nenda, naye akakimbia. Foleni ilikuwa imemwachia nafasi yake.