Kiranja Aliyeitwa Serikali

Mwalimu akitoka tu, kiranja wa darasa la sita alisimama mbele, daftari mkononi, shingo kaivuta kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Wenzake walimwita Serikali, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la kuzaliwa.

Jumatatu hiyo kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kinachungulia nje ya kiatu. Kijiti, golikipa mwembamba wa dawati la nyuma, alikiona, akawaonyesha wenzake kwa kidevu, akacheka bila sauti. Darasa zima likainama kutazama.

Serikali akaandika: Kijiti, kelele.

"Mbona sijafungua hata mdomo?" Kijiti akauliza.

"Na sasa unabisha. Wiki nzima utasugua vyoo baada ya masomo."

Wiki hiyo ndiyo kocha alikuwa anachagua timu ya shule. Kijiti alilijua hilo. Serikali naye alilijua, tena vizuri sana.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake, karani wa mahakama, akipiga pasi. Akamsimulia kwa mbwembwe zote. Mama hakuinua macho.

"Nani alitunga hiyo sheria ya kelele?"

"Mimi."

"Nani alimshtaki huyo mtoto?"

"Mimi, mama."

"Aliyemhukumu?"

"Mimi pia."

"Na kidole kilichochekwa kilikuwa cha nani?"

Serikali akatazama chini. Kidole bado kilikuwa kinachungulia, kama shahidi anayengoja kuitwa.

"Mwanangu," mama akasema, "leo serikali, ile yenye magari na bendera, ilitaka kubomoa vibanda vya wauza mboga. Jaji akawasikiliza wale wauzaji, akaizuia."

"Ikakubali?"

"Tingatinga likageuza. Sasa Kijiti wako alisikilizwa na nani?"

Jioni hiyo hakulirudisha daftari kwenye begi.

Kesho yake alisimama mbele bila daftari, mwalimu akiwa kaketi mezani. "Kijiti hakupiga kelele," alisema, sauti ikitoka vipande vipande. "Alinicheka, nikakasirika, nikamsingizia."

Alitamani sakafu immeze. Sakafu ilikuwa ya saruji, haikuwa na habari naye.

"Na jana nilisugua vyoo vyote sita," Kijiti akasema. "Kile cha tano kinahitaji maombi."

Darasa likaangua kicheko. Serikali hakucheka. Aliona vidole vya Kijiti vilivyochubuka kwa dawa ya kusafishia, vidole vya golikipa, machozi yakamlengalenga.

Mwalimu alimpeleka Kijiti kwa kocha, akapewa nafasi ya kujaribiwa alasiri ileile. Kisha darasa zima likatunga sheria zake upya, likachagua wasikilizaji wawili wa mashauri. Kiranja akaachiwa kuandika majina tu. Msikilizaji wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Kijiti, na shauri la kwanza lilikuwa la Serikali.

"Una la kujitetea?" Kijiti akamuuliza.

Swali hilo Serikali hakuwahi kumuuliza mtu. Uso ukamwaka moto. "Sina."

"Basi malizia siku nne zangu."

Alasiri mwalimu alimkuta kwenye choo cha tano, brashi mkononi, huku kutoka uwanjani zikisikika shangwe za Kijiti kudaka penalti.

"Umeona sasa?" mwalimu akasema. "Anayetunga sheria, anayeisimamia na anayehukumu wasiwe mtu mmoja. Siku mtu huyo akikasirika, hakuna wa kumwambia subiri."

"Nimeona, mwalimu."

"Haya. Na pale pembeni hujapasugua."