Tundu la Sensa

Haya yalimkuta rafiki yangu seremala, na mimi chumvi siongezi. Sensa ya bomba la moshi la gari lake, kile kifaa cha kupima moshi kinachokazwa tunduni, ilikufa, na mkewe alikuwa wa kujifungua siku yoyote. Mchana kutwa alilala chini ya gari akiitukana spana, banda limefungwa kwa mvua, giza tupu, sensa imegoma kutoka.

"Baba watoto, umelioa hilo gari?" mkewe akamtania kutoka jikoni.

"Niache, mama!"

Hatimaye ikang'oka. Akaingiza kidole tunduni kusafisha. Bomba likampulizia hewa ya moto, kisha likaivuta. Betri ilikuwa sebuleni, injini haijawashwa siku tatu.

Akabana pumzi asikilize vizuri.

Bomba nalo likabana.