Alama Chini ya Ukingo

Mikono miwili iliidaka pakiti moja ya msasa, ya mwisho, kwenye kaunta ya duka la vifaa, saa sita mchana, watu wamebanana. Mmoja ulikuwa wa fundi mwenye ovaroli lililochakaa, mwingine wa dada aliyevaa gauni la njano.

"Kaka, niachie. Wewe una sura ya mtu mvumilivu."

"Na wewe umevaa kama unaenda harusini. Msasa wa nini?"

"Nasugua kabati la mama."

Fundi akaachia. Jumatatu akamkuta dada yule karakanani anakofanya kazi: ndiye mchoraji mpya, wa kupanga kwenye kompyuta njia ya kisu cha mashine, na fundi ndiye anayesimamia mashine ikichonga kalibu za chuma za kutengenezea mabeseni ya plastiki. Wiki haikuisha, simu zikaanza.

"Umekula, Fundi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Fundi akanasa mzima mzima.

Mchoraji alikuwa na kosa moja. Kalibu ina nyuso nyingi zinazopakana, naye alipanga njia ya kila uso peke yake. Kisu kikifika mpakani kiliinuka, kikashukia uso wa pili, kikaacha alama nyembamba kama unywele. Fundi aliiona tangu kalibu ya kwanza. Lakini bosi hakuwa na masihara, na dada wa watu alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio ya kazi. Akachukua msasa, akasugua mpaka alama ikapotea. Bosi akasifu. Ya pili, ya tatu na ya nne akasugua vilevile.

Kisha akaugua homa, ya tano ikatoka bila yeye. Mteja akairudisha: kila beseni lina mstari. Mchoraji akaitwa ofisini, akaapa hajabadilisha kitu, mpaka fundi mwingine akasema, "Bwana wako huwa anazisugua."

Simu ilimkuta fundi kitandani.

"Miezi miwili unanifichia kazi mbovu?"

"Mpenzi, nilikuwa nakukinga."

"Umeniaibisha. Usinipigie tena."

Siku tisa simu haikulia, hata alipopona na kurudi kazini. Hata chakula kilimshinda.

Siku ya kumi mchoraji alimwita mashineni, ovaroli juu ya gauni lile la njano. Ile kalibu ya tano ilikuwa imechongwa upya, na safari hii alikuwa ameziunganisha nyuso zote kwenye kompyuta, kisu kivuke mipaka bila kuinuka. Mteja anakuja saa nane. Kalibu ikikataliwa tena, kazi hana.

"Pitisha kidole, uniambie."

Fundi akapitisha. Laini, laini, kisha chini ya ukingo ukucha ukakwama. Msasa alikuwa nao mfukoni. Angeweza kusema safi, amalizie mwenyewe dada akishaondoka.

"Bado," akasema. "Hapa kisu kimeinuka."

Mchoraji akashusha pumzi. "Najua. Nimepaacha makusudi. Ungesema safi, tungeachana leo."

"Na mteja je?"

"Njia ya kupamalizia nimeshaipanga. Dakika ishirini tu."

Fundi akamkabidhi msasa. "Kamsugulie mama kabati lake. Na umwambie nataka kukuoa."

"Njoo umwambie mwenyewe," akasema dada, akiwasha mashine. "Kabati lenyewe bado halijaisha."