Aliyeamka Kitandani kwa Bibi Cherehani

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata mama mdogo, kitinda mimba wa bibi yetu, na kwa ninavyomjua si mtu wa kuzua. Ni mtu ambaye akikwambia chai ina chumvi, usijisumbue kuionja, imwage tu.

Alikuwa muuguzi kwenye makao ya wazee. Wodi yake ilikuwa ya mwisho kwenye korido ndefu iliyonuka sabuni na mashuka mabichi. Siku mambo yalipoanza haikuwa na tofauti na nyingine. Asubuhi aliwaogesha wazee, akawakata kucha, akawavalisha soksi, huku Bibi Cherehani akimtania kama kawaida yake.

Bibi huyo alikuwa fundi wa nguo tangu ujana. Miguu ilikuwa imegoma, ulimi haujagoma.

"Mwanangu," alimwambia, akishika pindo la sare yake, "hii amekushonea nani? Huyo fundi mlikuwa na ugomvi?"

Wodi nzima ilicheka. Hata Babu Dereva alicheka mpaka akapaliwa na kikohozi chake cha mvuta sigara. Yeye aliendesha mabasi ya safari ndefu miaka na miaka, na kila alfajiri alisimama mlangoni akidai funguo, abiria wanamsubiri.

Tatizo la Bibi Cherehani lilikuwa mchana. Baada ya chakula, wazee wakishalazwa, alimkumbuka marehemu mumewe. Alimwita. Alilia kwa sauti ya mtu aliyefiwa leo. Kilio kile kiliamsha wengine, na hapo ndipo wodi ilipowaka: huyu anataka choo, yule anataka kwao, Babu Dereva anausukuma mlango kwa bega. Wauguzi walikuwa wawili tu, mama mdogo na mwenzake waliyemwita Kicheko. Wakimshika huyu, yule anaanguka.

Palikuwa na dawa ya matone. Ni dawa ya watu waliozidiwa na maradhi ya akili, lakini pale ilimfaa kila aliyepiga kelele. Wauguzi waliibandika jina, amani. "Umeshampa amani?" "Nimempa." Ulikuwa mzaha, mzaha wa watu waliochoka mpaka mifupani. Daktari alikuja mara chache, akasimama mlangoni, akauliza kama wametulia. Akiambiwa wametulia, alifurahi na kuondoka.

Siku ile msimamizi wa makao alimwita mama mdogo pembeni.

"Yule bibi naye aanze matone."

"Dada, yule haumwi. Anamlilia mumewe."

"Anamlilia mumewe kila siku ya Mungu. Una mikono mingapi wewe?"

Mama mdogo aliitazama mikono yake. Ilikuwa miwili tu. Akachukua kijiko, akadondosha matone, akamwinua Bibi kichwa. Bibi alimeza bila ubishi, maana alimwamini.

Mchana ule wodi ilikuwa kimya kama sanduku.

*

Siku zikaenda. Bibi Cherehani akaacha kulia. Akaacha pia kutania. Shingo ikalegea, mate yakamtoka, kijiko cha chakula kikawa kinakaa mdomoni mpaka mama mdogo amkumbushe kumeza. Mara moja tu, macho yakiwa nusu wazi, alimshika mkono na kumnong'oneza:

"Huko mnakotupeleka tuko wengi, mwanangu. Ila hatuonani."

Mama mdogo aliingia chooni akalia. Kisha akanawa uso, akatoka, akaendelea na kazi.

Ni baada ya hapo ndipo alipoanza kusikia miguu. Mchana, jua likiwa kali nje, wazee wote wamelala. Kandambili zikikokotwa kwenye korido. Taratibu. Zinafika mlango wa stoo ya mashuka, zinasimama. Kitasa kinateremka. Kinarudi juu. Alitoka kutazama. Korido ilikuwa tupu, inang'aa. Alihesabu vitanda. Kila mzee alikuwa mahali pake, na kandambili zao zilikuwa chini ya vitanda.

Alizigusa. Zilikuwa na uvuguvugu.

Alimwambia Kicheko. Kicheko, ambaye hata msibani alikuwa hakosi la kuchekesha, hakucheka. Aliinama akijifanya anakunja taulo.

"Unadhani kwa nini nawasha redio kila mchana?" alisema chini chini. "Nawe iwashe. Usisikilize."

Lakini kesho yake Kicheko hakuwa zamu mchana, na redio haikuwa na betri. Mama mdogo alikuwa anabadilisha shuka kitanda cha dirishani alipoona midomo ya mzee wa jirani inacheza. Akatazama wa pili. Inacheza. Wa tatu. Wodi nzima midomo ilikuwa inacheza, macho yamefumbwa.

Akainama kwa yule wa kwanza. Sauti ilikuwa pumzi tu.

"Mlango..."

Kitanda cha pili kikadakia.

"...uko..."

Na Bibi Cherehani, kitanda cha tatu, akamalizia.

"...wapi?"

Kisha wakaanza tena. Kitanda hadi kitanda. Neno hadi neno. Kama watu wanaopokezana ndoo gizani.

*

Mama mdogo hakukimbia. Huwa anasema angekimbia angekuwa na nafuu leo. Aliamua kumtoa Bibi Cherehani. Alijua dawa ile haiachishwi ghafla, mwili unaweza kugoma, kwa hiyo alipunguza tone kwa tone na kumwaga lililobaki kwenye sinki. Kicheko alijua, akafumba jicho. Kuna siku alimwinamia na kusema, "Na Babu Dereva je, naye si yuko kwenye matone?" Mama mdogo akajibu, "Nikishamtoa huyu, namfuata yule." Wakiamka wawili kwa pamoja, nani angewashika? Hivyo ndivyo alivyofikiri. Bado anafikiri hivyo, na bado haimsaidii.

Babu Dereva hakusubiri. Alifia kwenye kiti, mezani, saa ya chakula. Usingizi wa dawa ulimzidi na tonge likaenda kusikostahili. Hakukohoa. Nguvu ya kukohoa hakuwa nayo. Waligundua walipokuwa wanafuta meza, Kicheko akimwambia, "Babu, inua mkono nipitishe kitambaa," na mkono hauinuki.

Msimamizi alikuja, akamtazama, akashusha pumzi.

"Angalau amekwenda kwa amani," alisema.

Kicheko alitoka nje. Mama mdogo alimsikia akitapika.

Walimfunika Babu, wakamtoa. Mama mdogo akarudi wodini. Na hapo akakuta Bibi Cherehani ameamka.

Amekaa wima. Macho maangavu, kama taa zilizofutwa vumbi. Mama mdogo alisema moyo wake uliruka kwa furaha. Akamkimbilia.

"Bibi! Bibi yangu, umeamka!"

Bibi alimgeukia. Alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni barabarani. Kisha akainua mikono yote miwili mbele yake, akaigeuza, akavitazama viganja, akazitazama kucha.

"Mikono ya nani hii?"

Sauti ilikuwa ya Bibi. Lakini alikohoa kwanza, kile kikohozi kizito cha kifua cha mvuta sigara. Bibi hakuwahi kuvuta.

"Ni yako, Bibi."

"Bibi nani? Nipe funguo, mwanangu. Nani amelihamisha gari langu?"

Mama mdogo alishika chuma cha kitanda. Chuma kilikuwa baridi. Alikishika kwa nguvu.

"Babu?" alinong'ona.

"Naam."

"Babu... mwenye kitanda hiki yuko wapi?"

Uso ule ulikunjamana. Alikuwa anakumbuka. Na alipokumbuka, aibu ilimpanda, aibu ya mtu mzima aliyefanya jambo la kitoto.

"Yule mama mwenye maneno? Alikuwa mbele yangu. Alikuwa karibu anatoka." Akaificha mikono ile chini ya shuka. "Kwangu kulikuwa kumefungwa. Nimegonga weee, kumefungwa. Nikaona mwanga upande wa pili. Mlango ulikuwa mmoja, mwanangu. Nilisukuma. Usinitazame hivyo. Sote kule tunasukuma."

*

Binti wa Bibi Cherehani alikuja siku ya wageni. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba mama yake ameamka na anaongea. Aliingia karibu anakimbia, amevaa gauni ambalo mama yake alimshonea.

"Mama!"

Aliyekuwa kitandani alijivuta nyuma, akajifunika shuka mpaka kidevuni.

"Karibu, mwanangu," alisema kwa adabu. "Pole na safari. Mimi... niwie radhi."

Binti alisimama. Akajaribu kucheka. "Mama, ni mimi. Niite lile jina langu. La utotoni."

Yule wa kitandani aliinamisha uso.

"Mama, niite."

"Silijui, mwanangu. Ningelijua ningekuita. Wallahi ningekuita."

Machozi yalimtiririka yule wa kitandani, na binti akayatazama machozi ya mama yake kwenye uso wa mama yake, na akajua. Mama mdogo anasema alimwona anavyojua. Mtoto hadanganywi kwa mzazi wake. Binti alimgeukia mama mdogo, akamshika kola ya sare.

"Mmemfanya nini mama yangu?"

Mama mdogo alipiga magoti pale pale sakafuni. Akamwambia yote. Matone, kijiko, miguu ya mchana, midomo. Hakuacha kitu. Alitarajia kofi. Alilitamani.

Wakati huo msimamizi alikuwa ameingia na kikombe kidogo cha dawa. "Mzee amechanganyikiwa," alisema. "Tumrudishie matone yake, apumzike."

Aliyekuwa kitandani aliposikia hivyo alianza kutetemeka mpaka kitanda kikalia.

"Nisirudishwe. Nawaomba. Hapana mahali pa kukaa kule. Hapana hata sakafu."

Na binti akasema kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

"Mpe."

Mama mdogo alimtazama.

"Mpe alale," binti alisema, sauti imekatika. "Akilala, mlango utafunguka. Mama atarudi. Mpe, dada yangu. Nakusihi. Mama yangu yuko peke yake huko."

Msimamizi akanyoosha kikombe. Mama mdogo akakipokea. Alisimama baina ya mzee anayeomba asiuawe na mtoto anayeomba arudishiwe mama yake, na kikombe kilikuwa chepesi kama hakina kitu. Matone machache tu. Aliyatoa kila siku, bila kufikiri, kwa watu ambao hakuna aliyewasikia wakiomba.

Alitembea hadi dirishani akayamwaga nje.

"Siwezi kujua nani ataingia," alimwambia binti. "Wako wengi. Wako wengi mno."

Binti alipiga ukelele mmoja tu. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda. Baada ya muda mrefu ule mkono wa kizee, wenye alama za sindano kwenye ncha za vidole, ulitoka ndani ya shuka ukamgusa bega kwa woga, na binti hakuuondoa.

Alimchukua nyumbani siku ile ile. Aliishi naye. Majirani walimsifu kwa kumtunza mama, naye aliitikia asante. Kwa mama mdogo peke yake ndiko alikosema kweli: "Ni mzee mwema. Ananiamkia yeye kwanza asubuhi, kwa sababu ya aibu. Lakini kila nikimlisha, namlisha aliyemsukuma mama."

Mama mdogo na Kicheko waliacha kazi, na hawakuacha kimya kimya. Walikwenda nyumba kwa nyumba kwa ndugu za wazee, wakawaeleza habari ya matone. Mengine hawakuyasema, nani angeyaamini? Ndugu walikuja juu, wakaguzi wakaletwa, msimamizi akaondoka, dawa ikasimamishwa. Wazee wakaanza kuamka mmoja mmoja. Baadhi waliamka wenyewe, wakawaulizia watoto wao. Baadhi waliamka wakawaulizia watoto wa wengine. Na wapo ambao hawakuamka kabisa, mpaka wakazikwa.

Wodi ile ilifungwa. Vitanda viliondolewa, kuta zikapakwa rangi upya.

Ni Kicheko aliyeletewa habari na mafundi, akamwita mama mdogo waende wote. Walifika mchana, jua likiwaka. Chumba kilikuwa kitupu, kimefungwa kwa kufuli, na mlinzi aliwafungulia kisha akabaki nje. Kwenye kioo cha dirisha la mwisho, karibu na kilipokuwa kitanda cha Bibi Cherehani, kwa ndani, palikuwa na doa la ukungu, dogo, mviringo, kimo cha mtu aliyekaa kitandani. Linatanda. Linafifia. Linatanda. Mafundi walisema walilifuta mara nyingi. Walibadilisha hata kioo.

Kicheko alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Mama mdogo alisogea. Aliweka kiganja chake karibu na kioo, bila kukigusa.

Anasema ilikuwa pumzi. Ya joto. Na ilipougusa mkono wake, ikaanza kwenda mbio.