Kisigino cha Mheshimiwa

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima, lakini kisigino cha Mheshimiwa kilikuwa kimelowa.

Mheshimiwa ndilo jina wakazi walilompa sanamu ya shaba iliyosimama katikati ya mtaa wa majumba ya kale, kifua mbele, tumbo limetangulia, sura ya mtu aliyezoea kula vya wenzake. Fundi, mwanamke aliyeajiriwa kumpaka nta ang'ae, aliishi na mumewe jumba la pili kutoka hapo. Alijua kwamba sanamu yenye uwazi ndani huachiwa tundu kisiginoni ili unyevu utoke. Maji hayakumshangaza. Ila haya yalikuwa mazito, ya manjano, yanavutika kama kamasi, na ndani yake mlikuwa na unywele. Akauvuta. Ukaja, ukazidi kuja, mpaka akatapika palepale.

"Ziba, mke wangu," alisema mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni katika majumba yale. "Watu wanakuja kuona historia, tunawaonyesha usaha?"

"Tundu hili halizibwi, baba."

"Kwa leo tu, jamani. Lete hiyo puti ya kuzibia nyufa."

Akampa, Mungu amsamehe. Mume akaishindilia kwa kisigino cha kiatu chake, huku akicheka. Wageni wakapita, wakasifia, wakapiga picha.

Jioni nyumba yao ikaanza kunuka mafuta yaliyochacha. Kuta zilitoa jasho. Fundi alikwangua, utelezi ukamjaa kwenye kucha, akanawa na kunawa, na kinyaa hakikumtoka.

"Unasikia?" alinong'ona mumewe.

Ndani ya ukuta kulikuwa na mtu anameza mate, taratibu, kama mlafi aliyewekewa sahani, na sauti ile ikashuka ukutani, ikapita chini ya sakafu, ikafika chini ya miguu ya mumewe na kunyamaza hapo, naye akashika tumbo lake lililokuwa linafura mbele ya macho yao, akasema kwa sauti ya mtoto kwamba kuna kitu kinajipanga humo ndani.

Asubuhi kisigino cha mumewe kilikuwa na tundu la mviringo. Lilivuja.

Mganga aliyeitwa na Fundi alikuja, akaziba pua kwa upindo wa kanga. "Jini huyu alikuwa na mlango mmoja wa kupumulia, mkaufunga. Kimbia ukazibue, mwanangu. Kama hajapapenda hapa, atarudi kwake."

Fundi alikimbia peku. Alichokonoa puti kwa msumari mpaka vidole vikachubuka. Halikutoka hata tone. Akagonga tumbo la Mheshimiwa, likalia tupu kama debe, na hapo akaanza kulia kwa sauti, kwa sababu alimpenda yule mwanamume mcheshi, na alijua jini sasa yuko wapi.

Aliporudi, mganga hakuwepo, viatu vyake vilikuwa bado mlangoni. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya sebule, kifua mbele, tumbo limetangulia, hapepesi macho. Ute wa manjano ulikuwa umetapakaa sakafuni.

"Mume wangu?"

Midomo yake haikusogea. Sauti ilitokea chini, kisiginoni, nene, imejaa mate.

"Nta, Fundi. Wageni wanakuja."

Fundi akatapika, akajifuta mdomo, akafungua kopo.