Punda Hajawahi Kusema

Televisheni iliyokuwa mezani kwa fundi haikuwa na waya wa umeme, lakini kioo chake kilikuwa cha moto. Mke wa fundi alikigusa, akaondoa mkono haraka. Palinuka nywele zilizoungua.

"Baba Mtoto, njoo uguse hii."

Nani amsikie? Mumewe alikuwa anabishana na shemeji yake, yaani kaka wa huyo mke, kuhusu katuni. Watu wazima na ndevu zao! Redio za wateja zimejaa rafuni, mtoto analia sakafuni, mtoto ambaye hutulizwa na sauti ya baba yake tu, na baba mwenyewe kashikilia habari za punda wa kuchorwa. Alitamani kuwatandika wote wawili.

"Punda alisema!" kaka mtu aling'ang'ania. "Kwenye kile kipindi cha harusi. Alimwiga yule mtangazaji wa zamani wa matangazo ya vifo, ndiyo maana wageni walivua kofia. Utani wenyewe ndio huo, hukuuelewa!"

"Mimi? Punda ni bubu tangu katuni ianze!"

"Basi apa."

Ndio mchezo wao: mbishi huapa, akishindwa hutoa alichoapia. Kaka mtu alishapoteza viatu hivyo hivyo.

"Kama amewahi kusema, achukue sauti yangu!"

"Futa kauli hiyo," mkewe alinong'ona. "Mdomo huponza kichwa."

"Sifuti!"

Kioo kikawaka. Harusi ikatokea, kimya, wageni wakavua kofia mmoja mmoja, na ile harufu ikazidi hadi machozi yakawatoka, na punda akageuza kichwa polepole, akamkazia macho fundi kama mtu aliyekuja kuchukua chake, akafungua kinywa.

"Tunasikitika kutangaza," alisema, kwa sauti ya fundi.

Fundi alifungua kinywa chake. Hakikutoka kitu.

"Umeshinda, kaka! Umefurahi?" mke alifoka, akachukua nyundo.

Ndipo alipogundua kuwa mtoto amenyamaza. Alikuwa anatambaa kuelekea mezani, anacheka.

"Njoo kwa baba," punda alibembeleza.

Fundi alimshika mkewe mkono, akitikisa kichwa, kwani sauti yake ilikuwa humo. Mke alijichomoa kwa hasira, akamnyakua mtoto, akakipasua kioo.

Kimya. Kisha rafuni, kutoka kwenye redio zote zisizo na betri, ikasikika kwa upole:

"Njoo kwa baba."

Mtoto akanyoosha mikono.