Nyumba ya Runji ni ya Nani?

Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, Wambeti alimpelekea kaka yake Runji chai. Runji alijengewa kijumba chake nyuma ya nyumba ya wazazi alipotahiriwa, kama ilivyo desturi Embu. Tangu hapo alijiona mwenye boma kamili, na dada yake hakuruhusiwa kuvuka mlango.

Wiki hiyo darasa la Wambeti katika shule ya Manyatta lilikuwa likichunguza watu wa umri gani wana nyumba zao wenyewe. Kundi bora lingeiwakilisha shule kwenye mashindano mjini Embu, na Wambeti, kiongozi wa kundi lake, aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

Walizunguka kijiji kizima. Walipopanga majibu, mambo yakawa segemnege. Wazee walikuwa na nyumba, sawa. Walimu na makarani wenye familia walikuwa wamepanga. Lakini vijana wasio na kazi, karibu wote, eti walikuwa na nyumba!

"Tutachekwa," alisema Njue, mwenzake. "Andika tu vijana hawana. Nani atajua?"

"Wao wamesema wanazo. Siwezi kuwatilia maneno mdomoni," Wambeti alijibu, ingawa alikuwa karibu kulia.

Jioni alisimama mlangoni kwa Runji na chai yake.

"Runji, hii nyumba ni yako?"

"Swali gani hilo? Si unaona nalala hapa?"

"Sasa, unaweza kuiuza?"

Runji alicheka hadi chai ikamwagika. "Niuze, na shamba ni la baba? Atanifukuza mbio mpaka mtoni!"

Wambeti nusura aruke kwa furaha. Kumbe waliuliza swali nusu! Kesho yake kundi lilirudi kila boma na kuuliza pia shamba ni la nani. Vijana walijikuna vichwa, wakakiri kuwa shamba ni la baba, na nyumba iliyo juu yake pia.

Kundi lao likachaguliwa, na kwenye mashindano mjini Embu jaji mmoja alikunja uso. "Huku kwetu kila kijana ana kijumba. Mbona mnasema hawana nyumba?"

Wambeti alieleza yote, pamoja na kosa lao la kwanza. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na kundi la Manyatta likashika nafasi ya kwanza.

Njiani kurudi nyumbani, Njue alinong'ona, "Lakini hata tungebadilisha majibu ya vijana, jibu lingekuwa lile lile."

Mwalimu wao, Gitari, aliyekuwa amewasindikiza, alimsikia. "Ndiyo, Njue. Halafu jaji alipouliza sababu, ungemwambia nini?"

Njue alifikiri, akatabasamu kwa aibu. "Singekuwa na neno, mwalimu."

"Basi ndiyo maana hatudanganyi," alisema mwalimu. "Mwongo hata akipatia, hajui kwa nini."